Roman Holiday: sinema iliyoazima jina

Binti mfalme amesimama kupokea wageni. Gauni limefika sakafuni, taji liko kichwani, na mbele yake msururu wa mabalozi, majenerali na wake zao hauishi. Mmoja anainama, anatamka neno la heshima, anapita; anakuja mwingine. Kisha kamera inashuka hadi chini ya pindo la gauni na kutuonyesha jambo ambalo hakuna mgeni anayeliona: mguu mmoja umechomoka kwenye kiatu na unaukuna mwenzake. Kiatu kinalala ubavu. Vidole vinakitafuta, vinakikosa, vinakisukuma mbali zaidi. Juu, uso hautikisiki, na mkono unanyooshwa kwa anayefuata.

Huo ni mwanzo wa Roman Holiday, sinema ya mwaka 1953 ambayo wengi wanaikumbuka kwa mambo mepesi: Audrey Hepburn, pikipiki ya Vespa, aiskrimu kwenye ngazi za Roma. Wepesi huo ni wa kweli na ninaupenda. Lakini sinema yenyewe iko kama yule binti mfalme kwenye mapokezi yake: juu kumetulia, chini ya gauni kuna jambo. Jina la mtu aliyeitunga halikuwekwa kwenye sinema wala kwenye tuzo iliyoipata hadithi yake, na ilichukua miaka 58 tangu sinema itoke hadi jina hilo likapewa nafasi yake yote. Kwa kawaida habari hiyo husimuliwa kama kisa cha pembeni, cha kuongezea mwishoni baada ya kumaliza kusifu nywele za Hepburn. Mimi naiona ndiyo habari yenyewe, maana ukishaijua, dakika kumi za mwisho za sinema hii huzisikii tena kama ulivyozisikia mwanzo.

Kwa ambaye hajaiona, hadithi ni hii. Ann ni binti mfalme wa nchi ambayo hatuambiwi jina lake. Yuko ziarani katika miji mikuu ya Ulaya, ratiba imepangwa hadi dakika, na usiku mmoja jijini Roma uchovu unamzidi, anapiga kelele na kulia. Daktari anamchoma sindano ya usingizi. Kabla dawa haijamkolea anatoroka ubalozini, amejificha kwenye gari la mizigo, na baadaye anakutwa barabarani amelewa usingizi na Joe Bradley, mwandishi wa habari wa Kimarekani mwenye madeni. Joe hamjui. Anamlaza chumbani kwake kwa huruma tu. Asubuhi anachelewa kazini, anajaribu kumdanganya mhariri kwamba tayari amemhoji binti mfalme, na mhariri anamwekea gazeti mbele ya macho: binti mfalme anaumwa, shughuli zote zimefutwa. Picha iliyo kwenye gazeti ni ya msichana aliyemwacha kitandani kwake.

Joe anauliza bei papo hapo. Habari ya ndani kabisa ya binti mfalme, tena yenye picha, italipwa kiasi gani? Dola 5,000. Anarudi nyumbani, anajifanya hajui kitu, na siku nzima anamtembeza mjini huku rafiki yake Irving akimpiga picha kwa kamera ndogo iliyofichwa ndani ya kiberiti cha gesi. Naye Ann anajifanya mwanafunzi aliyetoroka shule na kujiita Anya Smith. Joe anadai kazi yake ni kuuza mbolea na kemikali. Siku nzima hakuna anayemwambia mwenzake yeye ni nani hasa.

Na aliyeyaandika hayo hakuweza kuuambia ulimwengu yeye ni nani.

Mtu asiyetajwa

Dalton Trumbo alizaliwa Colorado mwaka 1905. Kufikia mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa waandishi wanaolipwa vizuri kuliko wote Hollywood, chini ya mkataba na studio ya MGM. Alikuwa pia amejiunga na Chama cha Kikomunisti mwaka 1943, wakati Marekani na Muungano wa Sovieti walipokuwa bega kwa bega dhidi ya Hitler. Vita vilipokwisha, ushirika ukageuka uhasama, na Oktoba 1947 Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza kile ilichokiita shughuli zilizo kinyume na Marekani ikawaita watu wa sinema Washington. Ukumbi ulijaa taa na kamera. Swali lilikuwa moja: je, wewe ni mwanachama, au umewahi kuwa mwanachama, wa Chama cha Kikomunisti?

Hapa pana jambo ambalo huchanganywa mara kwa mara. Trumbo na wenzake tisa hawakufungwa kwa sababu ya uanachama. Walifungwa kwa kukataa kujibu. Walishikilia kwamba Katiba yao, katika marekebisho yake ya kwanza, haimpi mbunge haki ya kumhoji raia juu ya imani yake ya siasa. Tena anayelikubali swali la kwanza hufuatwa na la pili, na hilo la pili ndilo lililovunja urafiki na nyumba nyingi katika miaka iliyofuata: nani mwingine? Taja majina. Bunge likawashtaki wote kumi kwa kosa la kulidharau. Novemba ya mwaka uleule wakuu wa studio wakakutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kwamba hao kumi hawatapewa kazi. Hivyo ndivyo orodha nyeusi ilivyoanza. Haikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Yalikuwa makubaliano ya watu wenye kazi za kugawa, na makubaliano ya namna hiyo ni magumu kuyashika mkononi ili uyapinge.

Trumbo alihukumiwa mwaka mmoja. Rufaa zilisogeza mambo hadi Juni 1950, ndipo akaingia gereza la Ashland, Kentucky, alikokaa karibu miezi 10. Katika kile kipindi cha katikati, hukumu imeshatoka na mlango wa jela bado uko wazi, alikuwa na mke, watoto watatu na mawakili wa kulipa, na hakuna studio iliyothubutu kununua kitu chenye jina lake. Akafanya kazi aliyoijua. Akaandika hadithi ya binti mfalme anayetoroka kwa siku moja.

Aliiuza kwa kuazima jina. Rafiki yake Ian McLellan Hunter, mwandishi aliyezaliwa Uingereza na ambaye wakati huo hakuwa kwenye orodha, aliipeleka kama yake. Hundi ikaandikwa kwa Hunter, na Hunter akampa Trumbo fedha. Ukiieleza hivyo inaonekana ni kazi ya tarishi tu. Lakini fikiria alichobeba Hunter. Akigundulika, riziki yake inakwisha. Akiitwa kikaoni, anajibu maswali juu ya wahusika ambao hakuwaumba, na anajibu kana kwamba walitoka kichwani mwake. Lawama zikija ni zake, na sifa zikija hana budi kuzipokea, jambo ambalo kwa mtu mwaminifu nadhani ndilo zito zaidi. Hatimaye yeye mwenyewe aliingizwa kwenye orodha nyeusi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa miaka mingi waliojua siri hii walikuwa wachache mno.

Fedha iliyogoma kuondoka Italia

Hadithi ilifika kwanza mikononi mwa mwongozaji Frank Capra. Inaeleweka kwa nini aliipenda: mwaka 1934 alikuwa ameongoza It Happened One Night, ambamo binti wa tajiri anatoroka kwao na kuangukia mikononi mwa mwandishi wa habari anayetaka kumfanya habari. Lakini Capra hakuipiga sinema hii. Mradi ulibaki mikononi mwa studio ya Paramount, na baadaye ukachukuliwa na William Wyler.

Wyler alikuwa mzaliwa wa Alsace na mmoja wa waongozaji walioheshimika kuliko wote, maarufu kwa kurudiarudia tukio mara nyingi hadi waigizaji wachanganyikiwe. Mwaka 1947, kamati ya Bunge ilipoanza kazi yake, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha watu wa sinema cha kutetea uhuru wa maoni. Pia alikuwa na deni la namna yake na Italia: mwaka 1945, akitengeneza filamu za jeshi, alipanda ndege ya kivita juu ya nchi hiyo na kushuka akiwa amepoteza usikivu wa sikio moja maisha yake yote.

Alisisitiza kwamba sinema ipigwe Roma kwenyewe, si kwenye Roma ya mbao ndani ya studio ya California. Kilichoifanya studio ikubali hakikuwa sanaa peke yake. Baada ya vita Italia ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na sheria zake ziliyazuia makampuni ya sinema ya Marekani kuhamisha nje mapato yao yote. Watu wa Italia walijaa kwenye majumba ya sinema, tiketi ziliuzwa, na lira zikalundikana benki bila ruhusa ya kuvuka mpaka. Njia moja ya kuzifaidi ilikuwa kuzitumia hukohuko: kulipa hoteli, mafundi, maseremala, watu wa kujaza barabara kwenye picha, na studio za Cinecittà. Kisha unachokisafirisha kwenda Marekani si lira tena, ni sinema, na hiyo hakuna afisa forodha anayeizuia. MGM walikuwa wameshapitia njia hiyo walipopiga Quo Vadis hapo mwaka 1950. Baada yao walifuata wengi kiasi kwamba Roma ikaitwa Hollywood ya kando ya mto Tiber.

Kwa hiyo ule uzuri wa Roma tunaouona, zile ngazi na chemchemi na vichochoro, uko pale kwa sababu ya uamuzi wa Wyler na kwa sababu ya fedha iliyokwama. Sinema inatangaza jambo hilo mwanzoni kabisa kwa maandishi, kwamba imepigwa na kurekodiwa yote jijini Roma. Siku hizi tangazo kama hilo lingepita bila kutajwa. Mwaka 1953 lilikuwa fahari.

Upigaji ulifanyika majira ya joto ya mwaka 1952, kwa rangi nyeusi na nyeupe, wenyeji wakiwa wamejaa pembeni kutazama. Makazi ya Joe yakawa Via Margutta namba 51. Ukumbi wa mwisho ni ule wa kasri la Colonna, wenye marumaru na picha hadi darini.

Msichana ambaye kamera haikuzimwa

Gregory Peck, aliyemcheza Joe, alikuwa nyota tayari. Ann alihitaji mtu asiyejulikana, au angalau studio iliishia huko baada ya Jean Simmons, aliyetakiwa kwanza, kutopatikana. Septemba 1951, katika studio za Pinewood nje ya London, msichana wa miaka 22 aliyeitwa Audrey Hepburn alifanyiwa majaribio chini ya mwongozaji Thorold Dickinson. Alicheza kipande ambacho Ann yuko kitandani. Kikaisha. Akaambiwa basi, imetosha. Ila kamera haikuzimwa, maana hayo ndiyo yaliyokuwa maagizo: tuone alivyo akiwa haigizi. Hepburn akaketi, akajinyoosha, akacheka, akauliza amefanyaje. Dakika hiyo ndiyo iliyompa kazi.

Kila nikifikiria tukio hilo namkumbuka Irving na kiberiti chake. Hepburn alipata nafasi ya kucheza msichana anayepigwa picha bila kujua kwa sababu yeye mwenyewe alipigwa picha bila kujua. Na kilichoonekana humo kilikuwa na mizizi. Alizaliwa Brussels mwaka 1929, mama yake akiwa mwanamke wa ukoo wa kitemi wa Uholanzi, na alipitisha utoto wa vita nchini Uholanzi chini ya Wanazi, hadi ile njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Alijifunza ballet hadi mwili ukamkatalia. Heshima za kitemi alizijua, na kunyimwa alikujua. Ann anapouma aiskrimu yake kwenye Ngazi za Hispania, ile furaha haina chembe ya kuigiza furaha.

Ilibidi lakini asubiriwe, maana alikuwa na mkataba wa kucheza Gigi jukwaani New York, na mchezo huo ulimweka hadi mwisho wa Mei 1952. Mkataba wa Peck ulisema jina lake liwe peke yake juu ya jina la sinema. Baada ya kufanya kazi na Hepburn kwa muda, aliwaambia wakala wake na studio kwamba la msichana liwekwe juu pamoja na lake. Watu wa sinema hawaachii nafasi ya jina kirahisi. Katika historia ya sinema hii, ambayo kote ni habari ya majina, nalipenda sana tendo hilo.

Yapo matukio mawili ya upigaji ambayo yamesimuliwa sana, na yanastahili. La kwanza ni la Mdomo wa Ukweli, kinyago kikubwa cha marumaru kilicho kwenye kibaraza cha kanisa la Santa Maria in Cosmedin. Inasemekana mwongo akitia mkono mdomoni mwake, utakatwa. Ann anasogeza mkono, anauondoa. Zamu ya Joe: anautia, anavutwa, anapiga yowe, anautoa na mkono haupo! Peck alikuwa ameuficha ndani ya mkono wa koti, mzaha aliouazima kwa mchekeshaji Red Skelton, akakubaliana na Wyler wasimwambie Hepburn. Ule ukelele wake ni wa kweli, na Wyler, mtu wa kurudia mara arobaini, alichukua picha ya kwanza. Tunacheka, halafu tunakumbuka kwamba hawa wawili wamesimama mbele ya jiwe linaloadhibu uongo, na wote wawili wanadanganya.

La pili halichekeshi. Katika kuagana ndani ya gari, Hepburn alitakiwa kulia, na machozi hayakuja. Usiku ukaenda, picha zikarudiwa. Mwishowe Wyler akamkaripia vikali, na hapo akalia, wakapiga. Baadaye Wyler alimwomba radhi. Sipendi njia aliyoitumia, ingawa sijawahi kulitazama tukio hilo bila kuguswa.

Nani aliandika nini

Sasa, ni rahisi kutoka kwenye dhuluma moja na kuingia kwenye kosa lingine, yaani kusema Trumbo aliandika kila kitu na Hunter alikuwa kivuli tu. Haikuwa hivyo. Hadithi na mswada wa awali ni vya Trumbo. Hunter, akiwa mwandishi hodari kwa haki yake, aliufanyia mswada kazi kweli. Mwingereza John Dighton aliendelea kuurekebisha, akiwepo Roma wakati wa upigaji. Waitalia Suso Cecchi d'Amico na Ennio Flaiano walisaidia bila kutajwa, na ninaamini ndiyo maana mafundi wa kinyozi, madereva wa teksi na polisi wa sinema hii hawafanani na vikaragosi vya Kiitalia vya sinema nyingine za wakati ule. Mswada wa sinema ni chungu kinachokorogwa na mikono mingi, na kuupa mkono mmoja sifa zote ni kuwanyima wengine.

Lakini jungu kuu lilikuwa la nani, hilo linaonekana, na jina la sinema lenyewe linatoa dokezo. Kwa Kiingereza maneno hayo yana maana mbili. Ya kwanza ni likizo ya Roma, na ndiyo wanayoisikia wengi. Ya pili inatokana na shairi la mshairi Mwingereza Byron la mwaka 1818, juu ya gladiata, mpiganaji wa kuwaburudisha watu, anayekufa uwanjani huku mawazo yake yako mbali, kando ya mto Danube, wanakocheza watoto wake. Anachinjwa ili Waroma wapate sikukuu. Tangu hapo maneno hayo yakawa na maana ya burudani inayopatikana kwa mateso ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo habari anayotaka kuiuza Joe: machozi ya msichana yawe kifungua kinywa cha wasomaji. Na hiyo, kwa macho yangu, ndiyo ile siku ya Oktoba 1947, ukumbi wenye taa na kamera, watu wakitakiwa wavuliwe nguo hadharani.

Kisha unakuja mwisho. Joe amekwisha kumpenda Ann, na Ann amerudi ubalozini kwa hiari yake. Mhariri anakuja kudai habari. Joe anasema hakuna habari. Irving, aliyekuja na picha zake mkononi, anaelewa taratibu, kwa shingo upande, na anafunga mdomo. Siku hiyohiyo Ann anakutana na waandishi wa habari, na hapo, katikati ya safu, anamwona Joe. Ndipo anapojua alikuwa nani. Tumezoea sinema ambamo ukweli ukijulikana, kunafuata ugomvi, mbio za uwanja wa ndege, msamaha kwenye mvua. Hapa hakuna hata kimoja. Wana ukumbi mzima wa watu mbele yao na hawawezi kusemezana chochote.

Anaulizwa anaonaje mustakabali wa urafiki kati ya mataifa. Anajibu kwamba ana imani nao, kama anavyoamini uhusiano kati ya watu. Joe anasema, kwa niaba ya shirika lake la habari, kwamba imani ya mtukufu haitaangushwa. Ni maneno ya kidiplomasia, ya kuandikwa na kusahauliwa, na ni watu watatu tu ukumbini wanaojua yamebeba nini. Irving anamkabidhi bahasha, kumbukumbu ya ziara yake Roma: picha zote. Ann anachungulia moja, anatabasamu, anaifunga. Anapeana mkono na waandishi wa safu ya mbele, na akimfikia Joe anapeana naye mkono kama wengine.

Mara ngapi mwaka 1953 mtu Hollywood alikaa mbele ya watu wenye nguvu, akaambiwa ana kitu cha kuuza, akaambiwa bei yake ni kazi yake na nyumba yake? Wengi waliuza. Sinema hii imetoka kwa mtu aliyekataa, na shujaa wake ni mwandishi anayekufa njaa na dola 5,000 ziko mezani, siri ya mtu mwingine iko mikononi mwake, naye anaichukulia kuwa amana. Hakuna hotuba juu ya jambo hilo. Joe anabaki peke yake ukumbini, anageuka, anatembea mikono mfukoni, viatu vyake vinalia kwenye marumaru, na kamera inarudi nyuma pamoja naye. Ukumbi ni mrefu. Anageuka mara moja kutazama. Hakuna mtu.

Ukilinganisha na ile ya Capra ya 1934, ambayo inaishia kwenye ndoa, unaona Roman Holiday ilivyopanua uwanja wa komedi ya mapenzi. Kawaida kikwazo huwekwa ili kiondolewe. Hiki hakikuondolewa, na hakuna mtu mbaya wa kulaumiwa. Watu hutoka machozi yakiwalenga na bado wanaiita komedi, na wako sahihi.

Sinema ilipofika kwenye kumbi mwishoni mwa Agosti 1953, wengi walidhani imetungwa juu ya Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, ambaye mapenzi yake na Peter Townsend, ofisa aliyeachana na mkewe, yalikuwa yametangazwa na magazeti miezi michache kabla. Hadithi iliandikwa miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo ilikuwa sadfa, ingawa sadfa iliyoisaidia mno sinema. Margaret alitangaza Oktoba 1955 kwamba hataolewa naye.

Mengine yanajulikana. Wasichana wa Japani walikata nywele kama Ann baada ya sinema kufika huko mwaka 1954. Vespa, iliyobuniwa mwaka 1946 ili kuwapa Waitalia usafiri wa bei nafuu baada ya vita, ikawa alama ya ujana na mapenzi. Watalii bado wanapanga foleni kutia mkono mdomoni mwa lile jiwe. Kwenye Ngazi za Hispania, tangu mwaka 2019, kuketi kumepigwa marufuku na ukikaidi unatozwa faini, kwa hiyo tukio maarufu kuliko yote la sinema hii leo ni kosa.

Machi 25, 1954 zikatolewa tuzo za Oscar. Roman Holiday ilikuwa imeteuliwa mara 10, ikashinda tatu: Hepburn kwa uigizaji, Edith Head kwa mavazi, na tuzo ya hadithi bora kwa Ian McLellan Hunter. Miaka mitatu baadaye tuzo hiyohiyo ya hadithi ilikwenda kwa Robert Rich, kwa sinema The Brave One, na hakuna Robert Rich aliyejitokeza kuichukua. Hakuwepo. Alikuwa Trumbo tena, safari hii kwa jina la kubuni. Mwaka 1960 hatimaye jina lake la kweli lilionekana kwenye Exodus na Spartacus, na orodha nyeusi ikaanza kubomoka. Mwaka 1975 alikabidhiwa sanamu ya The Brave One. Akafariki Septemba 1976, ya Roman Holiday ikiwa bado ina jina la rafiki yake.

Mwaka 1993 Chuo kinachotoa Oscar kilimkabidhi mjane wake, Cleo, sanamu kwa ajili ya hadithi ya binti mfalme. Bado ulibaki mswada. Wana wa wale marafiki wawili, Christopher Trumbo na Tim Hunter, naye Tim akiwa mwongozaji wa sinema, wakalipeleka suala kwa chama cha waandishi, pamoja na ushahidi wa nani aliandika nini. Christopher alifariki Januari 2011. Desemba ya mwaka huo chama kikatangaza uamuzi: hadithi ni ya Dalton Trumbo; mswada ni wa Dalton Trumbo, Ian McLellan Hunter na John Dighton. Jina la Hunter likaondoka kwenye hadithi ambayo hakuitunga, likabaki kwenye mswada alioufanyia kazi. Miongoni mwa walioomba liondolewe ni mwanawe.